Kufuli la Mama Mkwe

Jumatatu, 18 Novemba

Balaa! Muda wa kukata rufaa ya Mama mkwe unakwisha kesho, nami sijaandika hata mstari. Mwezi mzima nimeomba kura za ukatibu wa chama cha mawakili. Rufaa isipoingia, nyumba inakwenda kwa jirani yake, Jagannath. Nyumba ninamoishi!

Nimezunguka meza za mawakili hadi muuza chai akauliza kama nina siafu kwenye soksi. Ndipo nikaikumbuka kanuni tukufu: siku ya mwisho ikikuta mahakama imefungwa, rufaa hupokelewa itakapofunguliwa. Basi ifungwe! Alasiri niliwahutubia wenzangu kuhusu nyani wanaotuibia hapa mahakamani. Je, waheshimiwa, taaluma hii itaporwa sambusa na majalada mchana kweupe hadi lini? Makofi! Mgomo kesho, kwa kauli moja. Ojha pekee, wakili wa Jagannath, hakupiga makofi. Alitafuna tambuu akinitazama. Simpendi.

Jumanne, 19 Novemba

Ushindi! Asubuhi na mapema nilitia mnyororo langoni, na kufuli nililolitwaa nyumbani, kwenye stoo ya mchele. Jaji na karani waliingia kwa mlango wao wa nyuma, wakaketi mbele ya viti vitupu. Shauri yao. Ojha alinipigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara: nyani wamekuibia jalada, Wakili bwana, au akili? Nikampuuza kwa heshima. Jioni rufaa ilikuwa tayari.

Jumatano, 20 Novemba

Karani ameigonga rufaa muhuri wa kuchelewa. Muhuri!

Mbele ya jaji, Ojha alidai mahakama haikufungwa: jaji kitini, karani dirishani, mawakili ndio waliojifungia nje. Nilijibu kwa ufasaha ambao sitausahau. Sheria isomwe kwa kusudi lake, si kwa herufi zake kavu. Mahakama isiyo na mawakili ni jengo tu. Jaji akauliza kama mahakama ya juu imewahi kuliamua jambo hili. Ojha akainuka polepole, polepole mno. Imewahi, miaka mingi iliyopita: mgomo haufungi mahakama, na kanuni isomwe kama ilivyoandikwa. Kisha akalisoma jina la wakili aliyeshinda.

Langu! Uamuzi huo nimeutia fremu, uko sebuleni kwa Mama mkwe. Nilieleza kwamba wakili yule alikuwa kijana na alikosea. Ukumbi mzima ukacheka. Jaji akasema uamuzi huo unambana. Atatoa amri kesho. Sijakaa chini tangu mchana.

Alhamisi, 21 Novemba

Mama mkwe amekuja mahakamani. Nani kamwita?

Alimweleza jaji kwamba hajawahi kuniamini. Jumanne alijiletea rufaa mwenyewe, aliyoandikiwa na mpiga chapa wa sokoni, akakuta lango limefungwa. “Na lile kufuli, mwanangu, ni langu! La mchele! Kaliiba huyu hapa, na panya wangu tangu juzi wanafanya harusi.”

Jaji alikohoa muda mrefu ndani ya leso. Kisha akaamua. Uamuzi wa mahakama ya juu unasimama: mahakama ilikuwa wazi, rufaa imechelewa. Lakini sheria humsamehe aliyecheleweshwa na sababu iliyo nje ya uwezo wake, na mkwe, alisema, ni sababu ya namna hiyo. Rufaa imepokelewa! Nikainama kushukuru. Nilipoinuka, Mama mkwe alikuwa amekwisha kumkabidhi wakili mwingine, Rukmini, jalada lote.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimeitia fremu amri ya jana. Fremu ya kwanza inasema mgomo haufungi mahakama. Ya pili, kwa tafsiri yangu, inathibitisha kuwa kufuli husaidia. Mama mkwe ameagiza fremu zote mbili zihamie verandani, pamoja na kitanda changu. Hewa ni safi.

Muda wa rufaa ya mteja wangu muuza viazi unakwisha Jumatatu. Rufaa yenyewe sijaianza. Lakini mtu mwenye elimu hajikwai mara mbili kwenye jiwe lilelile, nami nimeliona kosa langu waziwazi.

Nimepita sokoni. Safari hii nimenunua kufuli langu mwenyewe.