Stika Haibanduliwi

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba zama za vihisi feki zimekwisha. Ndivyo Mkurugenzi alivyosema mbele ya kamera, na alipofika kwenye neno "zama" akanyanyua kidole, maana alikuwa amelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Tangu siku hiyo, kila kibanio cha kidole, kila waya na kila mkanda wa presha unaochomekwa kwenye mashine ya mgonjwa ungepitia kwanza Kurugenzi ya Uthibitisho wa Uhalisi wa Vihisi na Viambatisho, ukaguliwe, kisha ubandikwe stika ya fedha inayometameta. Kubandua stika hiyo ni kosa la jinai.

Tuseme ukweli, feki zilikuwepo na zilitesa watu. Kulikuwa na vibanio ambavyo hata ukivibana kwenye kipande cha sabuni vinakuambia sabuni inapumua vizuri. Mkurugenzi aliwachukia wauzaji wa vitu hivyo kwa moyo wake wote, na hapo hakuna wa kumlaumu.

Kazi ilikuwa kupata mahali pa kubandika. Kibanio cha kidole ni kidude kidogo, na stika ilibidi iwe pana ili jina la Kurugenzi lienee. Kamati Ndogo ya Mahali pa Kubandika ilijifungia hotelini, ikala, ikanywa, ikatafakari, na ikagundua kwamba kibanio kina sehemu moja tu iliyo bapa, laini, na isiyoshikwashikwa ovyo. Ni kule ndani, penye kijitaa chekundu kinachomulika kidole ili mashine ihesabu mapigo ya moyo. Pendekezo likapita kwa makofi.

Basi vibanio vyote halisi vikapofuka kwa pamoja.

Hospitali zikalalamika. Mkurugenzi aliyasoma malalamiko yote kwa utulivu wa mtu aliyesoma mbali. Ikiwa kifaa kimethibitishwa, na bado hakioni mapigo, akili ya kawaida inasemaje? Akatoa waraka: pale kifaa halisi kinaposhindwa kusoma, tatizo liko kwa mgonjwa. Akaanza hata kuandaa Kitengo cha Uhalisi wa Wagonjwa, na kilishapata gari.

Ni katikati ya mafanikio hayo mama yake mzazi alipoteleza bafuni akavunjika nyonga.

Asubuhi ya upasuaji Mkurugenzi alifika hospitali na mpigapicha wake, amkute mama anaingizwa. Alimkuta kwenye kitanda cha magurudumu, koridoni, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, magurudumu yamefungwa breki.

"Mbona hajaingia?"

"Mkuu, siwezi kumpa dawa ya usingizi bila kuona oksijeni yake," alisema daktari wa usingizi. "Mashine haioni kitu."

"Kibanio kina stika?"

"Kinayo."

"Basi ni halisi."

"Halisi kabisa. Kwa hiyo, kwa mujibu wa waraka wako, tatizo liko kwa mama."

"Wananiambia sina mapigo, mwanangu," mama akadakia kutoka kitandani. "Nikawaambia basi nileteeni chai, tangu jana sijala. Wakasema chai hairuhusiwi. Maiti gani hii inayofungishwa njaa?"

Alicheka, kisha maumivu yakamkata kicheko, akauma mdomo. Mkurugenzi aliufahamu uso huo. Akaogopa, akaogopa kweli, na kwa mara ya kwanza hakukumbuka neno lolote refu.

"Hebu nipeni," akasema. Akakichukua kibanio, akakivaa kidoleni mwake. Mashine ikachora mstari ulionyooka, halafu ikaanza kupiga kelele.

"Pole, Mkuu," alisema muuguzi aliyekuwa amesimama kando. "Na wewe huna."

"Bandua hiyo stika!"

Muuguzi akaficha mikono nyuma. "Mwenzetu wa wodi ya watoto alibandua. Umemsimamisha kazi, yuko nyumbani."

"Sasa ninakuamuru!"

"Ningetii, Mkuu. Lakini amri yenyewe imetoka kwa mtu asiye na mapigo."

Mpigapicha, ambaye hakuwa ameambiwa aache, aliendelea kupiga picha.

"Lete hapa hicho kidude," alisema mama. Akauvuta mkono wa mwanawe, akakichomoa kibanio, akakipanua, akaikwangua stika kwa ukucha wa kidole gumba. "Huyu ni halisi, nimemzaa mwenyewe. Kichwa tu ndicho kigumu, na hicho kakirithi kwa baba yake." Taa nyekundu ikawaka. Akakivaa. Mashine ikanyamaza, ikameza mate, ikaanza kuhesabu: ti, ti, ti. Daktari wa usingizi akashusha pumzi.

Stika ikawa imeng'ang'ania kidoleni kwa mama, naye hakuona pa kuitupa.

"Inama," akamwambia mwanawe, kama alivyokuwa akimwambia zamani akitaka kumfuta kamasi. Mkurugenzi akainama. Mama akambandika stika katikati ya paji la uso, akakandamiza vizuri. "Haya, niingizeni. Na yule binti wa wodi ya watoto nikitoka nimkute kazini."

Mlango ukafungwa. Mkurugenzi akajaribu kuinua pembe ya stika kwa ukucha. Gundi ilikuwa ya daraja la kwanza, aliipitisha mwenyewe.

"Kosa la jinai, Mkuu," muuguzi alimkumbusha kwa adabu.

Akashusha mkono, akapiga simu ofisini. Muuguzi wa watoto arudishwe leo hii. Waraka ufutwe. Stika zote za ndani zibanduliwe.

Katibu wake, ambaye alifundishwa kazi na yeye mwenyewe, alisikiliza hadi mwisho.

"Samahani, Mkuu, ni utaratibu tu. Nitathibitishaje kwamba ni wewe halisi?"

Mkurugenzi akafumba macho. "Nina stika."

"Vizuri sana, Mkuu. Na imebandikwa wapi?"