Twiga Mwenye Kiu

Jumatatu, 3 Machi

Twiga ameanguka. Katikati ya onyesho la asubuhi, akitazama mbali juu ya pazia kama anavyopaswa, shingo ilishuka taratibu mpaka kichwa kikalala juu ya mgongo wa Kobe. Watoto wakashangilia. Nyuma ya pazia mimi nang'ata kola ya shati. Bega la kulia! Kama mtu kaingiza kijiko cha moto ndani ya kiungo na anakoroga.

Mwongozaji akauliza Twiga ana nini. Nikasema anatafakari. Akasema, Profesa, kikaragosi cha mbao na gundi hakitafakari. (Ananiita Profesa tangu aone cheti changu cha chuo kikuu. Si sifa.)

Anayemshika Kobe tunamwita Chereko, kwa sababu hucheka hata akikanyagwa. Akajitolea kunishikia Twiga siku mbili tatu. Siku mbili tatu! Najua zinavyorefuka. Atakayemshika Twiga kwenye onyesho kuu, tarehe kumi na tano, ndiye atakayezunguka naye mashuleni msimu mzima. Na kope za yule Twiga nimezishona mimi, moja moja. Nikamwambia asante, bega ni zima kabisa. Nikampungia mkono. Wa kushoto.

Jumanne, 4 Machi

Kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mzee wa makamo, mnene, vidole vya moto. Akaninyanyua mkono kwa pembeni. Chini, hakuna kitu. Katikati, nikapiga yowe. Juu kabisa, nafuu! Ajabu iliyoje. Nikamwomba arudie. Yowe mahali pale pale. Nilipoomba mara ya tatu akauliza, dada, umekuja kutibiwa au kunifanyia utafiti?

Kumbe ndani ya bega kuna kifuko chembamba chenye majimaji kidogo. Kinaitwa bursa. Kimelala kati ya mfupa wa juu na kano, visisuguane. Miaka yote hii nimeishi nacho bila hata kusalimiana! Mkono ukikaa juu kutwa, kinabanwa. Kikibanwa, kinavimba. Kikivimba, kinabanwa zaidi. Kiumbe kinachojiumiza kwa kuwa kimeumia. Nilihisi tunafanana.

Amri zake: nisinyanyue mkono kupita bega kwa wiki kadhaa. Ila nisiufunge pia, bega lisije likakaza. Barafu ndani ya taulo. Mkono uning'inie na kuzunguka polepole. Mabega nivute nyuma kama nataka yakutane. Na mpira wa kuvuta, mwepesi, kidogo kidogo. Nikauliza kama kunyanyua twiga kunahesabika. Akaweka kalamu chini. Akauliza twiga gani.

Jumatano, 5 Machi

Hila ya kwanza. Nimeandika mchezo upya. Sasa Twiga ana kiu. Anakunywa maji mtoni, kichwa chini, tangu mwanzo hadi mwisho. Kuna falsafa ndani yake: anajiona majini, anajiuliza yeye ni nani. Kwenye mazoezi mwongozaji alivumilia muda mrefu, kisha akauliza kama huo mto utabaki na tone. Chereko akacheka hadi akamwangusha Kobe.

Jioni nikainama mezani, mkono unaning'inia, unazunguka. Shangazi, ninayeishi kwake, akaingia, akauliza nimepoteza nini. Kabla sijajibu keshapiga magoti, anapapasa chini ya kabati. Akapata hereni yake ya mwaka juzi. Sasa anaiamini sana fiziotherapia.

Ijumaa, 7 Machi

Hila ya pili. Mpini wa fagio! Nimemfunga Twiga kwenye mpini, kiwiko nimekibana ubavuni, mkono hauvuki bega. Sheria imetimizwa. Nilisahau jambo moja tu: mti mrefu ukigeuzwa kidogo chini, ncha ya juu inasafiri mbali. Nimesoma fizikia. Nilifaulu vizuri. Twiga alipogeuka kumsalimia Kobe alilinasa pazia, akaondoka nalo, likamfunika mwongozaji na kikombe chake cha chai. Sauti ikatoka chini ya kitambaa ikisema, Profesa, nenda nyumbani.

Jumapili, 9 Machi

Hila ya tatu, ya kisayansi. Kama mpira mmoja unaponya kwa wiki, miwili itaponya kwa siku. Hesabu rahisi. Nimevuta tangu kifungua kinywa. Shangazi anauliza kama naenda vitani.

Jumatatu, 10 Machi

Siwezi kuvaa blauzi. Shangazi kanivalisha kama mtoto wa chekechea, akanifunga vifungo huku akinung'unika juu ya ada za chuo alizonilipia.

Mtaalamu alibonyeza bega mara moja tu, akauliza nimefanya nini. Nikakiri mpira wa pili. Akasema, dada yangu, kifuko hakisomi ratiba ya onyesho. Kama lazima ushike kitu, shika kifupi. Nikasema kifupi tulicho nacho ni kobe. Akasema basi kobe. Alisema kirahisi hivyo! Hajui alichoninyang'anya.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemkabidhi Chereko Twiga wangu. Hakucheka. Aliuliza ninamfanyaje Twiga hadi apepese macho. Nikamwonyesha. Karibu yote.

Nikamchukua Kobe kwa dharau. Kiwiko ubavuni. Bega likaniuma kidogo, nikavuta mabega nyuma kama nilivyoamriwa, na kichwa cha Kobe kikaingia gambani chenyewe. Nini hiki? Nikalegeza. Kikatoka. Nikavuta tena, taratibu. Mtoto mmoja akapiga kelele, toka, usiogope! Kobe akatoa pua. Ukumbi mzima ukalipuka.

Mwisho mwongozaji akasema Twiga alikuwa mrefu, Kobe alikuwa hai. Kwa hiyo msimu huu Chereko na Twiga, Profesa na Kobe. Nikaenda chooni kulia. Nikajitazama kwenye kioo nijue ni kilio cha aina gani. Sikupata jibu, lakini uso ulivutia kuutazama.

Jumamosi, 12 Aprili

Mtaalamu kafurahi. Mkono unapanda bila yowe. Niendelee na mazoezi, nisiwe na pupa. Mimi na pupa wapi na wapi?

Chereko anaumwa bega! Kwa Twiga, bila shaka. Nilimweleza habari za bursa kwa mfuko wa plastiki wenye mafuta kati ya sahani mbili. Nikabonyeza kwa msisitizo. Ukapasukia daftari la mwongozaji. Nikamwambia Chereko kwa upole kwamba shida ya watu ni kutousikiliza mwili. Akaniomba nimshikie Twiga siku mbili tatu. Nikakataa. Nimejifunza.

Tena nina kazi. Si haki Kobe mwenye kipaji namna hii kutambaa tu. Nimeandika mchezo mpya: Kobe anaota mabawa. Anapaa juu ya pazia, juu ya Twiga, kuanzia ukurasa wa pili hadi wa mwisho. Mabawa nimeyachonga mwenyewe, ya mbao, mazito kidogo ili yaonekane. Leo nimejaribu mchezo wote, mkono wima. Kapaa vizuri mno!

Kijiko kimerudi begani. Lakini si cha moto. Ni vuguvugu tu.