Bibie Amegoma Kula

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ameondoka! Amekwenda kumuuguza dada yake, atarudi Jumapili. Ameniachia kuku wake, Bibie, na ahadi nzito mbele ya mke wangu: akimkuta Bibie mzima, kile chumba cha nyuma ni changu. Karakana yangu ya redio, hatimaye! Akimkuta na kasoro yoyote, chumba anapewa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aweke vyuma vyake vya kunyanyua. Sisi tunamwita Kifua.
Masharti ya mama mkwe: pumba asubuhi, majani jioni, maji safi, basi. Pumba! Kuku wa hadhi ile? Nitamnonesha mpaka ashindwe kubebeka. Redio moja nimeshaihamishia chumba cha nyuma. Dalili njema.

Jumanne, 4 Machi
Mahindi makavu asubuhi. Mahindi mchana. Mahindi jioni. Bibie hajui kusema hapana. Kifua ameegemea mlango wa chumba cha nyuma, ananikumbusha kwamba mama alisema pumba. Nimemwambia mwenye wivu ajinyonge.

Jumatano, 5 Machi
Balaa! Bibie amegoma kula. Amesimama pembeni, manyoya ameyafumua, shingo anainyoosha na kuipinda kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Chini ya shingo pana uvimbe. Moyo ulinilipuka paa!
Uchunguzi wangu: mafua. Nimeponda kitunguu saumu na tangawizi, nimemnywesha. Amenitemea usoni. Nikaamua kumfukiza: beseni la maji moto, taulo juu, mimi na yeye humo ndani, maana peke yake hatulii. Mafua yangu yamepona. Yeye bado.
Mke wangu alitufunua, akauliza kulikoni. Nikasema tunapumzika. Kifua naye amepita na futi ya kupimia, anapima chumba cha nyuma. Mgonjwa bado anahema, mrithi anapima mlango!

Alhamisi, 6 Machi
Bibie amezidiwa. Macho anafumba. Nimemfunga kwenye shuka, nimempakata mpaka kwa daktari wa mifugo. Njiani wamama wawili wamenipa hongera, wakauliza ni wa kike au wa kiume. Nikasema wa kike. Sikudanganya.
Daktari ni mama mmoja hana masihara hata kidogo. Nimemwambia ni mafua yaliyoshukia shingoni. Akaubonyeza ule uvimbe, akasema hapo ndipo chakula kinapokaa kabla ya kushuka tumboni, na hapo pamejaa mahindi makavu, yamelowa, yamevimba, yameziba njia. Akauliza ni nani aliyemshindilia hivi. Nikasema ni shemeji yangu, ana roho mbaya sana.
Amri zake: mafuta ya kula matone machache, maji, kumkanda pale taratibu, chakula marufuku. Na nisithubutu kumning'iniza kichwa chini, atapaliwa. Pasipolainika kufikia Jumamosi nimrudishe, apasuliwe. Apasuliwe!

Ijumaa, 7 Machi
Nakanda tu. Bado pagumu kama jiwe. Bibie ananitazama kwa jicho moja. Nimemwomba radhi. Hapakuwa na mtu karibu. Naogopa, na si kwa ajili ya karakana tu. Mama mkwe huamka akamsalimia huyu kuku kabla ya kutusalimia sisi. Nitamwambia nini?
Mke wangu ameleta habari njema. Dada yake mama mkwe amepata nafuu, mama anarudi kesho. Kesho! Nilicheka kwa furaha mpaka machozi yakanitoka, yale ya kweli.
Mpango wa dharura. Fundi cherehani jirani yetu ana kuku wa kahawia kama Bibie, pacha mtupu, ila hana unyoya mweupe mkiani kama wa Bibie. Nimemwazima. Chokaa kidogo, kwisha kazi! Bibie mwenyewe nimemficha chumba cha nyuma, nimemkanda mpaka vidole vimekufa ganzi.

Jumamosi, 8 Machi
Mama mkwe alifika, begi mkononi, moja kwa moja bandani. Akamwita Bibie kwa sauti yake ile ya mahaba. Kuku wa fundi cherehani akamdonoa. Mama akamshika mkia, akakitazama kidole chake, cheupe pe! Kisha akanitazama mimi. Nikasema Bibie ameanza kuota mvi.
Mara kelele chumba cha nyuma. Bibie ameisikia ile sauti! Mama akausukuma mlango. Bibie huyo, amesimama juu ya redio yangu niliyoiacha wazi, shingo imenywea, uvimbe hakuna. Mahindi yalikuwa yameshuka, tena yameshukia ndani ya redio. Nililia, sioni haya kuandika. Nikamkumbatia Kifua kabla sijakumbuka kwamba simpendi.
Nikaeleza yote, kasoro ile sehemu ya mahindi. Kifua akaimalizia.
Hukumu ya mama mkwe: Bibie amejichagulia pa kukaa. Chumba cha nyuma ni cha Bibie. Mimi na Kifua tukipake chokaa, maana kazi ya chokaa naiweza.

Jumapili, 9 Machi
Tumepaka. Bibie amehamia. Ila amekonda, masikini! Kukatazwa chakula si mchezo, na pumba zitamsaidia nini mtu aliyetoka kuugua? Mama akigundua paja lake lilivyokonda roho itamuuma. Na atakayemrudishia Bibie mwili wake hawezi kunyimwa japo kona ya chumba, pa kuweka meza moja.
Mama ametoka kumrudishia fundi kuku wake. Kifua amelala. Nimempa Bibie mahindi, konzi moja tu. Amemaliza, ananitazama.
Nimemwongezea.