Gurudumu Linalochomoka

Jumatatu, 3 Oktoba

Siku ya fedheha. Naandika ili ijulikane kwamba fedheha haikuwa yangu.

Msimu uliopita shemeji yangu Klachi alilima shamba la mke wangu. Klachi ni kaka yake mke wangu. Jina hilo alipewa kwa sababu mguu wake wa kushoto unaishi kwenye klachi ya trekta kama mpangaji asiyetaka kuhama. Upande mmoja wa shamba plau iliparua udongo kama kuku. Upande wa pili ilizama hadi ikafukua udongo mweupe wa chini, ule usioota hata magugu. Mahindi yakatoka manjano, yamesimama mistari kama wagonjwa wanaosubiri dawa. Sasa mke wangu ametamka: likilimwa vile tena mwaka huu, shamba analikodisha kwa jirani, na mimi nitabaki nyumbani nikipima kina cha sufuria. Shamba lile aliachiwa na mama yake. Hakuwa anatania.

Dawa ninayo. Gurudumu la kina! Nieleze, maana leo hakuna aliyenisikiliza hadi mwisho. Gurudumu dogo linafungwa ubavuni mwa plau, linatembea juu ya ardhi. Plau ikitaka kuzama kuliko ilivyoagizwa, gurudumu linaikatalia, kama unavyomshika mwenzako mkono asijaze sahani mara ya tatu. Langu lina mguu wa chuma wenye matundu, unaoingia kwenye ala kama kisu, halafu unakazwa kwa pini. Pini ikiwa tundu la juu, plau inalima juujuu. Ikiwa tundu la chini, plau inazama. (Ndiyo, ni kinyume cha unavyodhani. Fikiri taratibu.) Na uzuri wenyewe huu hapa: plau ikimaliza kazi, unachomoa gurudumu na kulihamishia kwenye haro ya kuvunja madongoa, kisha kwenye mashine ya kupandia. Bila spana! Nimeliita Gurudumu la Kina Linalochomoka.

Klachi alicheka hadi akashikilia madigadi ya trekta. Eti shemeji, mimi magurudumu yamenichomoka barabarani maisha yangu yote, mbona hakuna aliyewahi kunipa hongera? Nikamweleza kwa upole kauli ya kutendeka. Chakula kinacholika ni kile kinachoweza kuliwa, hakijili chenyewe. Njia inayopitika haijipiti. Akauliza, je, kikombe kinachovunjika kinasubiri ruhusa ya nani? Akanishauri niseme "linalochomolewa", watu wasiogope.

Mimi! Niliyefundisha sarufi hadi chaki ikanikausha koo! Nisahihishwe kauli na mtu anayeita breki "bereki"!

Mimi ni mtu wa subira. Lakini jina halibadiliki.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimepeleka mchoro kwa Cheche, fundi wa kuchomelea. Aliushika juu chini, akausifu sana, akauliza kama ni kitanda cha mtu mmoja au wawili. Nikaugeuza. Akasema sasa anaona, ni geti. Nikaeleza tangu mwanzo: ardhi, udongo mweusi, udongo mweupe, plau, ala, mguu, pini. Alipiga miayo, lakini miayo ya heshima, mkono mdomoni. Akaahidi kesho.

Akauliza gurudumu lenyewe liko wapi. Swali la kipuuzi. Mvumbuzi hashughuliki na vitu vidogo. Nikarudi nyumbani nikaliona limekaa uani tu, halina kazi: gurudumu la toroli la mke wangu. Nimeliazima kwa muda.

Jioni mke wangu alikuta toroli lake, analobebea maji kutoka bombani, limepiga magoti. Alijitwika ndoo kichwani na kupita mbele ya kiti changu. Akarudi. Akapita tena. Nyumba hii haijawahi kuhitaji maji mengi hivyo.

Alhamisi, 6 Oktoba

"Kesho" ya Cheche ilikuwa jana. Leo nimekwenda mwenyewe.

Siamini! Gurudumu limekamilika, ala imekamilika, matundu yamepangika vizuri, na yeye AMEVICHOMELEA PAMOJA. Mguu umeungwa ndani ya ala pande zote nne, halafu akazungushia tena kwa usalama. Hauendi juu, hauendi chini, hautoki. Cheche alikuwa anatabasamu kama aliyemwokoa mtoto kisimani. Eti Mwalimu, uliniambia linachomoka, nikakuhurumia, nikasema mzee wa watu asije akaaibika mbele za watu, acha nimrekebishie.

Amenirekebishia!

Nikamweleza kauli ya kutendeka. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri mageti waliondoka. Hatimaye Cheche alichukua grenda, akakata alikokuwa ameunga, akinung'unika kwamba wasomi wakiletewa kizima wanataka kibovu. Sasa mguu unacheza kidogo ndani ya ala. Si kitu. Kinachoshika ni pini. Nimepewa pini moja nzuri, nene kama kidole gumba.

Klachi alipita na trekta, mguu kwenye klachi kama kawaida. Akapaza sauti kuuliza kama limeshachomoka. Nikajifanya sikusikia. Akarudi nyuma kuuliza tena.

Ijumaa, 7 Oktoba

Furaha! Nimelijaribu uani kwa kulisukuma kwa mkono. Tundu la juu, sawa. Tundu la kati, sawa. Chomoa, chomeka, sekunde tu. Nimelipaka rangi nyekundu lionekane kwa mbali, na nimealika majirani wote kesho waje kushuhudia.

Mke wangu ameshauri nimwombe Cheche pini ya akiba. Nikamwelimisha: uzito wa plau unaelekea chini, siyo pembeni, kwa hiyo pini haiwezi kutoka. Akajibu kwamba hakusema itatoka, amesema itapotea. Wanawake na hofu.

Akaongeza, taratibu, kwamba mawingu yameanza kukusanyika, na kesho na keshokutwa ndizo siku pekee ambazo kaka yake ana nafasi. Nikamwambia alale usingizi.

Jumamosi, 8 Oktoba

Naandika nikiwa nimefunga mlango.

Asubuhi watu walijaa ukingoni mwa shamba, kwenye viti nilivyovipanga mwenyewe. Klachi juu ya trekta, miwani ya jua, kama anakwenda harusini. Nikachomeka mguu ndani ya ala. Nikanyoosha mkono nichukue pini.

Pini!

Nimekumbuka hapo hapo. Jana niliitumia kukorogea rangi. Nikaenda mbio nyumbani: pini imo ndani ya kopo, rangi imekauka, pini imesimama katikati kama mnara. Nilivuta. Kopo likaja nayo. Nilipiga ukutani. Ukuta sasa mwekundu.

Watu wanasubiri, mawingu yanasogea. Mke wangu alikuwa anawapakulia wageni chakula. Nikatazama mwiko wake. Mpini wake ulilingana na tundu kana kwamba ulizaliwa kwa ajili hiyo. Nikauchukua. Akasema mwiko wangu huo. Nikamjibu kwamba mwiko una maana mbili, kijiko na katazo, na leo utaikataza plau isizame. Hakucheka. Ulikuwa mzaha wa kiwango cha juu.

Na mstari wa kwanza! Lazima uandikwe. Trekta iliondoka, gurudumu jekundu likazunguka, na nyuma yake udongo ukalala mweusi, kina kilekile mwanzo hadi mwisho, kama kitambaa kilichopigwa pasi. Mke wangu aliinama, akatumbukiza vidole kwenye mfereji wa plau, akapima. Akanitazama. Hajanitazama hivyo tangu tulipooana.

Mtu mwenye akili ndogo angenyamaza hapo. Mimi nikasimamisha trekta niwaeleze watu kauli ya kutendeka.

Nasisitiza kwamba yaliyofuata hayahusiani na hotuba. Klachi alichoka kusubiri, akaachia klachi ghafla kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Trekta iliruka. Mwiko ukasema ka! Plau ikazama papo hapo. Nikapiga kelele asimame. Yeye alikuwa amegeuka nyuma, anacheka, na anaendelea. Mstari mweupe, mweupe kama chaki, ukakata shamba la mke wangu kutoka mwanzo hadi ukingoni. Kule mwisho akainua plau, na gurudumu likatoka ndani ya ala bila spana, kama nilivyoahidi, likaanguka, likapinduka, likashuka mteremko likirukaruka na mguu wake. Wageni waliacha viti na sahani. Sahani hazikupona.

Kisha wote wakapaza sauti kwa pamoja. Limechomoka!

Klachi alishuka, akavua miwani, akanipa mkono. Eti shemeji, nilikosea mimi, jina lake ndilo hilo hilo.

Mke wangu hakuwa anacheka. Alikuwa ameokota kipande cha mwiko, anautazama ule mstari mweupe.

Jumapili, 9 Oktoba

Wizi! Wizi ndani ya familia!

Alfajiri mke wangu alikwenda mwenyewe kwa Cheche, gurudumu begani na ala mkononi. Cheche akapitisha bolti nene tundu la kati, akakaza nati, akaichomelea kabisa. Kisha mke wangu akapanda na kaka yake kwenye trekta, akasimama nyuma ya kiti chake, na kila kaka alipogeuka kucheka alimpiga kidole kisogoni. Kabla ya mvua shamba zima lilikuwa jeusi, kina kimoja, isipokuwa ule mstari. Jirani aliyetaka kulikodi ameambiwa atafute kwingine. Mstari mweupe hautapandwa kitu. Mke wangu amesema utabaki kama ulivyo, nikipita niusome.

Watu wanamsifu! Wanaliita gurudumu la dada! Wakulima wengine wameshaagiza la kwao kwa Cheche, na wote wanataka lile lisilochomoka. Wamechukua uvumbuzi wangu, wakaung'oa moyo, wakauita mzuri. Halichomoki! Halishuki, halipandi! Hata toroli halitarudishiwa gurudumu lake, kwa hiyo kuanzia leo maji ya nyumba hii nayabeba mimi.

Nimetafakari sana nikiwa na ndoo, kama inavyompasa mtu mzima. Nimekiri kosa langu. Mwiko ule ulikuwa wa mti laini.

Na wakati natua ndoo, nikaiona trekta ya Klachi imeegeshwa uani, na juu yake kile kiti anachojidai nacho kutwa. Kimefungwa moja kwa moja! Dereva akitaka kupumzika kivulini, anakalia nini? Hakuna aliyewahi kufikiria. Mguu mmoja wa chuma, ala, pini. Kiti cha Dereva Kinachochomoka. Mchoro tayari. Wa kwanza kukijaribu atakuwa Klachi; nitamweleza akishakaa.

Pini ipo. Mke wangu amenunua mwiko mpya, na huu nimeugonga mwenyewe: mti mgumu.