Nyuma ya Gari la Mke Wangu

Jumatatu, tarehe 5

Nimepoteza nafasi ya nane jana Jumapili, saa tano na dakika ishirini asubuhi, kwa sekunde moja nukta nne. Naandika ili isije ikasemwa nimesahau.

Fainali ya magari madogo ni Jumapili ya tarehe 18. Wanaingia wanane. Mimi wa tisa. Aliyenitoa ni shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa udereva, mtu anayefunga mkanda hata akiwasha gari ili alioshe. Gari lake na langu ni toleo moja, injini moja, yote mawili yanavutwa na tairi za mbele. (Langu ni la mke wangu. Jambo dogo.) Alikuja kunipa pole mbele za watu. Akasema, "Shemeji, gari halina kosa. Kosa limekaa kwenye kiti."

Watu wakacheka. Daktari wa meno, aliyekuwa wa kumi, naye akacheka. Wa kumi!

Ila Mungu si wa mtu mmoja. Aliyekuwa wa tano amejitoa, anamwoza binti yake. Nafasi yake itagombewa Jumapili hii, tarehe 11. Mimi na daktari wa meno. Nimechomelea mageti mia nne na kumi na mawili kwa mikono hii, bila cheti cha mtu. Siwezi kushindwa na mtu anayefanya kazi mdomoni.

Jumanne, tarehe 6

Nimekaa na tatizo tangu alfajiri. Ni hili: kila kona, nakata usukani, pua inaenda moja kwa moja kama mgeni asiyejua njia. Tairi za mbele zinavuta, zinageuza, zinafunga breki. Kazi zote tatu. Za nyuma zinafuata tu.

Dawa naijua. Ukikaza springi za nyuma, nyuma inakuwa ngumu, inateleza kidogo kwenye kona, na pua inaingia ndani. Swali ni ngumu kiasi gani. Wenzangu wanakisia. Mimi napima.

Mke wangu, ambaye ni mwokaji keki, alirudi sokoni akaniachia gari. Akasema nitoe vitu vyake kwanza. Sikuona haja ya kufungua buti. Ninachokifanyia kazi kiko chini yake.

Mizani yake ya unga inaishia kilo mia na hamsini. Nimeweka ubao, ncha moja juu ya mizani, nyingine juu ya tofali, tairi katikati kabisa. Mizani inabeba nusu, unazidisha mara mbili. Tairi nne, vipimo vinne. Mbele 465, nyuma 395. Jumla 860.

Kitabu cha gari kinasema 760. Nimecheka peke yangu. Waandishi wa vitabu hawana ubao.

Jumatano, tarehe 7

Nimekwenda kwa muuza vyuma chakavu na hesabu yangu kwenye karatasi. Nikamwambia kilo 395, nyuma, mashindano. Akaniuliza kama naenda kushindana kubeba simenti. Amenitolea springi za kigari cha kusambazia mikate. Nimezifunga mchana. Juu yake nimechomelea nondo ya geti, milimita ishirini na mbili, kutoka gurudumu hadi gurudumu, ili nyuma isiinamie upande.

Mke wangu amesimama mlangoni akauliza kwa nini gari lake limesimama kama kuku anayekunywa maji. Nikamweleza kuhusu kona. Alisikiliza hadi mwisho, hilo namsifu. Kisha akaniomba nimletee unga wake ndani.

Unga upi?

Mifuko miwili. Kilo hamsini hamsini. Ndani ya buti tangu jana.

Nimeubeba. Niliporudi, nyuma ya gari ilikuwa imepanda vidole vingine vitatu. Nimekaa juu ya tairi la akiba nikafikiri. Kosa la vipimo si kosa la wazo. Na geti likishachomelewa, mwenye hekima hujenga ukuta ulifuate.

Alhamisi, tarehe 8

Nimelijaribu kwenye kiwanja cha malori kilichoachwa, tunakopanga mapipa siku za mashindano. Kona ya kwanza, pua imeingia ndani vizuri mno. Nimefurahi. Kwa furaha nikaondoa mguu kwenye mafuta katikati ya kona. Nyuma ikanipita.

Gari limesimama likitazama nilikotoka. Injini imezimika. Nikaona alama zangu mbili nyeusi lamini, zilizonyooka hadi pale zilipojipinda kama herufi isiyojulikana.

Katika gari la namna hii nyuma haivuti wala haiongozi. Inakokotwa. Hakuna anayeiuliza kitu hadi siku itakapokataa. Nadhani ndiyo maana naielewa kuliko shemeji. Yeye tangu azaliwe yuko mbele. Mimi naishi nyumba iliyoezekwa kwa keki, naendesha gari lililonunuliwa kwa keki, nikiulizwa kazi yangu watoto wanasema mama anaoka. Mageti mia nne na kumi na mawili! Nataka mara moja tu jina langu libandikwe ubaoni kwa kitu nilichofunga mwenyewe.

Kisha nimewasha gari nikarudi taratibu. Matuta yote nimeyahesabu kwa uti wa mgongo. Kumi na moja.

Jumamosi, tarehe 10

Siku mbaya. Mke wangu amepeleka keki ya harusi, ghorofa tatu, kilomita tatu. Nilimwambia apite polepole. Alipita polepole. Springi za mikate hazijui polepole. Kwa maelezo yake, ghorofa ya juu ilifika imekaa mapajani mwa ya pili, na ya pili imeegemea mlango. Ameijenga upya kwa kisu na sukari ya kupaka, mama wa bibi harusi amemsimamia nyuma akivuta pumzi kwa pua.

Amerudi. Amenawa mikono, akakaa mbele yangu, akasema, "Mume wangu, miaka tisa naaminika mji huu kwa kufikisha. Si kwa kuoka. Wanaooka ni wengi. Jumatatu nina keki nyingine ya ghorofa tatu. Nataka springi zangu za zamani ziwe chini ya gari langu."

Nimesema sawa. Sawa ni neno pana.

Jumapili, tarehe 11

Ufumbuzi nimeupata nikipiga mswaki. Springi zimepimwa kwa kilo 860. Basi gari liwe kilo 860! Nimerudisha mifuko miwili ya unga ndani ya buti, nikaifunga kwa kamba ya kunyanyulia mageti. Mke wangu alikuwa bado amelala. Sikutaka kumsumbua.

Mkaguzi wa mashindano amefungua buti, ameuliza ni nini. Nikasema uzito. Amesoma kanuni mara mbili. Unga haujakatazwa.

Mzunguko wa kwanza: dakika moja, sekunde kumi na mbili nukta tatu. Muda wangu bora tangu nianze! Kwenye kona gari lilikuwa kama limeolewa upya. Kwenye njia iliyonyooka, kweli, lilikwenda kama mzee ngazini. Daktari wa meno naye: dakika moja, kumi na mbili nukta tatu. Sawasawa. Shemeji akaja akasema nimebadilika. Nikamjibu kiti ni kile kile.

Mzunguko wa pili. Kona ya nne kamba imeshika, mfuko haukushika. Umepasuka mgongo. Nimeona weupe, kisha sikuona. Nimeendesha kwa kumbukumbu hadi pipa la tano, ambalo kumbukumbu yangu ililiweka mahali pengine. Nimetoka ndani ya gari kama mzimu wa mwokaji. Daktari naye aliangusha pipa, kwa kucheka. Mzunguko wa aliyeangusha pipa hufutwa, kwa hiyo muda wa kwanza ndio unaohesabika. Tumefungana. Katibu wa mashindano ameamua turudie sisi wawili tu, tarehe 18, saa tatu asubuhi, kabla ya fainali.

Mke wangu alikuwa amefika na kaka yake. Amepitisha kidole kwenye dashibodi, akakitazama. Ulikuwa unga wa keki ya Jumatatu.

Jumatatu, tarehe 12

Keki imeondoka saa nne. Gari la shemeji, springi za kiwandani. Imefika ghorofa zote tatu, kila moja mahali pake. Shemeji amepiga simu kunijulisha, sikumuomba. Mke wangu, kabla ya kutoka, aliniambia atakaporudi atakuta springi zake au atachukua gari lake alipeleke kwa fundi mwingine. Fundi mwingine!

Nimetafakari kutwa nzima, kwa unyenyekevu. Nimeona kosa langu lilipo. Unga hauna mifupa. Uzito wa mbio unatakiwa ukae wima, ufungwe mkanda, uinamie kona wenyewe. Barua hii nimeibandika mlangoni, nakala naiweka hapa:

Mke wangu mpenzi. Springi zako nimeziosha na kuzipaka grisi, ziko salama, zitarudi tarehe 18 saa tano asubuhi. Hadi hapo shemeji atabeba keki, tayari anajua njia. Ninachokuomba ni dakika moja na sekunde kumi na mbili za Jumapili. Wewe kilo sitini na nane, kaka yako themanini na mbili. Mkikaa kiti cha nyuma mmezidi unga kwa kilo hamsini, lakini nondo itamudu. Kofia ngumu ninazo mbili. Sitaki historia ya keki, wala usinitajie ndugu zako. Utakaa au hukai? Ndiyo au hapana, leo, kabla ya saa kumi na mbili jioni. Niko chini ya gari.