Hesabu Mlangoni pa Choo

Jumatatu, 5 Mei
Likizo imekwisha, na akili za darasa la saba zimebaki huko huko. Nimewauliza robo tatu jumlisha sehemu moja ya sita. Somo nililowafundisha kabla ya likizo mpaka sauti ikakauka! Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini, wakapata nne juu ya kumi. Mmoja ameniuliza kama sehemu ni somo jipya. Aliyepata ni kiranja peke yake. Huyo ni binti yangu; akili amezirithi kwangu. Mama yake ana maoni tofauti.

Mwalimu Mkuu ameniita ofisini. Ijumaa ya wiki ijayo atawapima yeye mwenyewe, mambo ya zamani matupu. Wakiwa wamesahau tena, darasa linakwenda kwa Mwalimu Mkunjo, nami nahamia darasa la kwanza kufundisha kufunga kamba za viatu. Mimi, niliyeanza kufundisha hesabu nikiwa bado na nywele! Nimeogopa kweli.

Jumanne, 6 Mei
Mkunjo naye ni mwalimu wa hesabu, chumba cha pili. Jina alilipata kwa suruali zake, zilizopigwa pasi hata ukizigusa unaweza kujikata. Leo amenijia na ushauri nisiouomba. Eti kila asubuhi kabla ya kengele, maswali matatu ya zamani, yaliyochanganywa, dakika tano, basi. Eti haba na haba hujaza kibaba. Nikamwambia hayo ni ya watu wenye vibaba. Mimi nataka pipa, na nalitaka lijae mara moja.

Kisha likanijia wazo. Mwanafunzi husahau kwa sababu hakuna kinachomlazimisha kukumbuka. Na ni kitu gani kinachomlazimisha binadamu kila siku, apende asipende? Nikazunguka uwanjani nikicheka peke yangu. Mpishi wa shule akatoka jikoni kuniuliza kama niko salama.

Jumatano, 7 Mei
Swali nimelibandika kwenye mlango wa choo. Anayetaka kuingia, ajibu kwanza. Msimamizi ni kiranja, mtoto asiyejua upendeleo hata nyumbani. Ilipofika saa ya mapumziko foleni ilikuwa imelizunguka jengo. Watoto wa darasa la pili walikuwa wanacheza ngoma ambayo hakuna aliyewafundisha. Niliwatazama kwa fahari.

Mara akatokea Mwalimu Mkuu, mwendo wa haraka. Kiranja akamwamkia shikamoo, akamwonyesha swali. Mkuu akajibu nne juu ya kumi. Kiranja akamweleza kwa adabu zote kwamba amekosea, arudi mwisho wa foleni. Akarudi! Kweli aliyebanwa hana cheo.

Aliponiita ofisini baadaye alikuwa amevaa bukta ya mwalimu wa michezo. Hatukuizungumzia. Hesabu za chooni zimepigwa marufuku.

Ijumaa, 9 Mei
Choo wameninyima, swali bado ni langu. Sasa naliuliza lile lile kila kipindi, na darasa zima linajibu kwa sauti moja: kumi na moja juu ya kumi na mbili. Marudio ni marudio. Wanajibu hata kabla sijamaliza kuuliza. Nimemwita Mkunjo aje asikie. Akasikiliza, akauliza kama wanaweza swali jingine. Wivu mtupu.

Mchana amekuja daktari wa meno kukagua wanafunzi. Akamwuliza wa kwanza ana meno mangapi. Kumi na moja juu ya kumi na mbili. Wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Daktari akaniita pembeni, akasema ana wasiwasi na maji ya shule.

Jioni nikawajaribu: nusu jumlisha robo. Kumi na moja juu ya kumi na mbili, darasa zima, kwa furaha kubwa.

Jumatatu, 12 Mei
Nimewahi shuleni, nikakuta darasa tupu. Nikasikia sauti zao upande wa pili. Wako kwenye veranda ya Mkunjo, wamechuchumaa, madaftari magotini, wanafanya maswali matatu. Mbele yao wote, kiranja, damu yangu! Kumbe wanakwenda kila asubuhi tangu wiki iliyopita. Nimeumia, sitaficha.

Nyumbani nikanuna mpaka chai ikapoa. Mke wangu ni fundi cherehani, na hasimamishi mashine kwa ajili ya mwanamume aliyenuna. Akasema, pini zikiwa mdomoni, kwamba mtoto ndiye aliyewaomba wenzake waende. Hataki baba yake aje kuchekwa na watoto wa darasa la kwanza. Machozi yakanilenga.

Baadaye nikalitafakari vizuri zaidi. Mtoto mwenye mapenzi namna hii haifai kuachwa mikononi mwa Mkunjo. Lazima nimwokoe.

Jumatano, 14 Mei
Nimemwibia Mkunjo chaki. Zote, nimezitia mfuko wa suruali. Bila chaki hakuna maswali, na bila maswali Mkunjo si kitu.

Akayasema maswali kwa mdomo. Wanafunzi wakayafanya kichwani, jambo gumu zaidi, na wakapata. Yaani nimewaongezea mazoezi!

Nilipoketi, chaki zikasagika. Nimeshinda na paja jeupe. Mkunjo akanijia kwa upole, akaniuliza kama naweza kumwazima chaki. Nikamwambia sina hata moja, na unga ukaendelea kumwagika juu ya kiatu changu. Akasema pole, akaenda zake.

Ijumaa, 16 Mei
Mtihani. Sehemu, asilimia, maeneo, vyote vya zamani na vyote vimechanganywa. Nilisimama nje ya dirisha nikitafuna kucha. Wamefaulu! Karibu wote. Hata yule aliyeuliza kama sehemu ni somo jipya.

Mkuu akawauliza wamewezaje kukumbuka. Nilikuwa nimeshainamisha kichwa kwa unyenyekevu, tayari kupokea sifa. Wakajibu: maswali ya asubuhi ya Mwalimu Mkunjo. Hapo nikajua nimekwisha. Mkuu akamgeukia Mkunjo amkabidhi darasa, na Mkunjo akakataa. Akasema darasa hili lina mwalimu wake; kinachotakiwa ni mwalimu huyo ayatoe mwenyewe yale maswali kila asubuhi. Mkuu akakubali, kwa sharti kwamba nikiacha, nahama siku hiyo hiyo.

Nilitaka kumshukuru Mkunjo. Nikamrudishia vipande vya chaki vilivyosalia.

Jumatatu, 19 Mei
Asubuhi yangu ya kwanza. Maswali matatu ya zamani, dakika tano. Darasa zima limepata yote. Binti yangu akanitazama akatabasamu, nikasikia raha ambayo sijaisikia miaka mingi. Kumbe kazi hii naipenda.

Jumanne, 20 Mei
Nimefikiri. Jana walipata yote. Maana yake wanakumbuka. Sasa anayekumbuka anakumbushwa cha nini? Mzima hamezi dawa. Nimewatangazia kwamba maswali ya asubuhi yamefutwa, na marudio yote tutayafanya kwa siku moja mwishoni mwa muhula, toka asubuhi mpaka giza, mlango ukiwa na kufuli. Kiranja amenitazama kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa anavutiwa.

Kwa kuwa sasa nina nafasi, nikasimama mlangoni, mikono nyuma, ili Mkunjo akipita aone kuwa mwenzake hana la kufanya. Amepita kweli. Nyuma yake, kimya kimya, mstari mmoja, darasa langu lote na madaftari yao, wakielekea verandani. Watoto wana utu. Bila shaka wamekwenda kumweleza taratibu kwamba hawamhitaji tena, asije akaumia.