Kuta Kwanza, Madirisha Baadaye

Serikali ya Mfalme, kwa huruma yake isiyo na kipimo, iliamua kupambana na baridi ya Vudee. Baridi hiyo ilikuwa imethubutu kumpigisha chafya Bwana Shauri, mtawala wa wilaya, ndani ya nyumba ya wageni ya serikali, na sasa Mkubwa wa Jimbo mwenyewe alikuwa anakuja kulala humo. Amri ikapanda mlima kutoka Same: kuta zikandikwe upya kwa udongo mnene, kisha madirisha ya mbao yang'olewe, yatiwe ya vioo.

Karani Hezroni aliisoma barazani kwa sauti ya kanisani. Kwake mpangilio ule ulikuwa wazi. Udongo ni kazi chafu, kioo ni kazi safi, na hakuna muungwana anayeoga kabla ya kulima.

Mama Dorkas, kiongozi wa wanawake wa kukandika, hakuona hivyo. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza na maharage yalikuwa bado vikapuni. Kung'oa madirisha baadaye kungebomoa udongo, na wakikandika mara mbili, msimu utawapita.

"Mwanangu, tia madirisha kwanza," alisema. "Tukandike mara moja, twende mashambani."

"Shikamoo, mama," alisema Hezroni, kwani hakuwa mtovu wa adabu. "Mashauri ya kiufundi yapelekwe Same."

"Marahaba. Na maharage yangu nikayapande Same?"

Baragumu likapulizwa. Msaragambo, kazi ya wote, haukataliwi Upareni. Wanawake wakakanda udongo, nyasi na samadi, wakakandika mpaka ukuta ukawa laini kama shavu la mtoto na upepo ukakosa pa kupita. Hezroni akaupigia saluti.

Kisha Bwana Shauri akafika na wapagazi waliobeba vioo. Ebenezer seremala aliinua nyundo, akauliza kama ni kweli. Akaambiwa agonge. Akagonga. Fremu za zamani zikatoka, na udongo ukazifuata kama wapambe wanaomfuata bibi arusi. Vioo vilipotiwa, pembeni mwake angepita mbuzi. Bwana Shauri akatangaza kwamba kazi ya kuta imefaulu kupita kiasi, hivyo irudiwe.

Wanawake wakaja na majembe yao, wakaketi. Mama Dorkas akaeleza taratibu sheria ya msaragambo: aharibuye kazi ya wote huirudia kwa mikono yake, na hakuna agusaye udongo kabla yake. Ebenezer akasema yeye aligonga kwa amri. Macho yote yakamgeukia Hezroni, mtu ambaye hajawahi kujitwalia sifa ya mkubwa wake.

"Amri ni ya Bwana Shauri," alisema kwa fahari. "Kila neno."

Bwana Shauri akatishia jela. Mama Dorkas akauliza kama jela ya Same ina shamba, maana mbegu wanazo. Wakati huohuo msafara wa Mkubwa wa Jimbo ukaonekana kule chini, kwenye kona za mlima. Bwana Shauri akautazama, akavua viatu.

Wanawake wakaenda kupanda. Bwana Shauri akabaki akikanyaga udongo na samadi, Hezroni akimmiminia maji, mpaka bwana mwenyewe akagandwa na tope, asionekane ila macho.

Mkubwa wa Jimbo alishuka kwenye machela, akaziba pua.

"Wewe fundi," alisema, "kamwite Bwana Shauri upesi. Aje anieleze ni mpumbavu gani aliyetia vioo kabla ya udongo."